Joho Jekundu la Mbuni

Mbuni alipotunukiwa udaktari wa heshima, joho lake jekundu hakulivua hata msibani. Siku ya mahafali ya bintiye, alifika nalo, na shada la maua la kumvisha.

"Baba, kaa na wazazi," binti alimsihi.

"Na joho hili, mwanangu? Mimi ni wa jukwaani!"

Akapanda, akajipenyeza katikati ya maprofesa.

Kasuku, mshereheshaji, akatangaza: "Wazazi, wavisheni wahitimu wenu!" Vigelegele vikarindima. Mbuni akainuka.

"Keti, Daktari," Profesa Korongo aliyeketi kando yake akamnong'oneza. "Wenye majoho hatushuki kabla ya mkuu wa chuo."

Kule chini, jirani yao Kanga akavua shada moja shingoni mwa mwanawe, akamvisha binti wa Mbuni aliyesimama peke yake.

Mbuni akalificha lake ndani ya joho. Shingo ndefu ile hakujua aifiche wapi.