Lusina ya Shungi

Bandani paliishi Shungi, farasi jike aliyejifungua karibuni. Kila alipoletewa lusina, majani yenye chokaa ya mifupa, hakuyagusa.

"Namwekea mwanangu," alisema, ingawa mwanawe Kirembo hakuwa na meno ya kutafunia. Maziwa yakamtoka Shungi, chokaa ikamwisha mwilini, miguu ikaanza kumtetemeka.

Punda, jirani asiyejua kubembeleza, akamwambia, "Shoga, huyo hali majani. Anakunywa mifupa yako."

"Mama hujinyima," Shungi akajibu.

Kirembo alikuwa akisikiliza. Alipoitwa kunyonya, akageuza shingo, ingawa mate yalikuwa yakimdondoka.

"Njoo unyonye, baba."

"Hapana, mama. Nakuwekea wewe."

Shungi akainamia lusina, akaila yote. Ndipo Kirembo akaingia chini ya tumbo lake.