Kikohozi Kabla ya "Zima"

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na kilichosubiri kufutwa ni kikohozi cha mkewe.

Kwa miaka sita alikuwa akiandika, bila malipo, programu ya kuweka mahali pa ile ya kiwandani kwenye vile vidude vya mfukoni vya kupigia muziki. Ya kwake ilitamka menyu, ili asiyeona naye ajue amefika wapi. Sauti ilikuwa ya mkewe. Aliyarekodi maneno yote amejifunika blanketi ili mwangwi usiingie, na kabla ya "Zima" akakohoa.

"Rudia hilo, mama watoto."

"Thubutu! Koo limenikauka. Utakikata mwenyewe, si wewe ndiye fundi?"

Hakukikata. Mwanzoni ulikuwa uvivu tu. Tangu amzike, haukuwa uvivu tena.

Leo toleo jipya lilikuwa linatoka, na wenzake wa mtandaoni walishamwambia, kwa heshima zote, kwamba kasoro hiyo imezeeka. Alikitafuta kile kijilima cha sauti ya kikohozi kwenye skrini, akakichagua.

Ndipo ujumbe ukaingia, kutoka kwa mtu asiyemfahamu.

"Kaka, mimi sioni, na kidude chako ndicho rafiki yangu. Ila yule dada, huu mwaka wa nne namsikia anakohoa. Hebu niambie, alipona?"

Fundi aliinua kidole. Akavaa hedifoni, akashuka kwenye menyu taratibu mpaka mwisho, kwenye "Zima", akasubiri mkewe akohoe.