Kiti cha Sefu

Siku hizi sheria inataka nyumba ziwe tulivu, na kitu kisichotumiwa kila siku huchukuliwa. Sebule ya Mwanakheri ilibaki na kuta za rangi ya udongo, mkeka, taa ya mwanga hafifu, na kiti cha marehemu mumewe, Sefu.

Hakuna aliyekikalia tangu mazishi. Mto wake bado ulikuwa umebonyea kwa umbo la Sefu, na egemeo lilinukia mafuta yake ya nywele.

"Kiti hiki bado kina kazi?" sauti ya nyumba, inayokagua vitu kila siku, ikauliza kutoka ukutani.

"Kina kazi!" Mwanakheri akajibu, akaketi upesi.

Ikabidi aketi kila siku. Alijibana pembeni, lakini usingizi ulipomchukua aliteleza katikati.

Baada ya miezi kadhaa, binti yake Tunu alimtembelea. "Mama, pamependeza! Na kiti kinakufaa, kama kilichongwa kwa ajili yako."

Mwanakheri akainama, akanusa egemeo. Lilinuka jasho lake mwenyewe. Akapapasa mto, akimtafuta Sefu. Hakumpata.

"Kichukue," akaiambia nyumba.

Kilipotolewa, Tunu alishusha pumzi. "Unaona, mama? Sasa panapumua."