Salamu kutoka Bondeni

Nakunda alipiga hodi kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa, akangoja kukaribishwa. Mwanahawa, binti wa bondeni aliyelelewa humo badala yake, alimvutia kiti, akamletea maji ya mtoni.

Ndivyo sheria ilivyotaka: watu wa mlimani wapeleke kifungua mimba wao akalelewe bondeni, na wa bondeni walete wao. Tangu hapo mto uling'aa. Nani angethubutu kumwaga dawa za shamba kwenye maji anayokunywa mwanawe? Samaki walirudi, mafunjo yakaota upya. Namsifu, aliyemzaa Nakunda, alinyoosha mkono kuipitisha sheria hiyo akiwa bado msichana, hajui uchungu wa mtoto.

"Shikamoo, Mama Mwanahawa," Nakunda alimwamkia.

Namsifu aliacha kufua, akaitikia. "Marahaba. Maji umeyaonaje?"

"Matamu, kama ya kwetu tu." Akatabasamu kwa adabu. "Mama anakusalimu sana. Anasema ahsante kwa kututunzia mto."

Namsifu aliinua beseni la maji ya sabuni akayamwage migombani, mbali na mto, kama alivyofanya miaka yote.

"Mwambie mama yako salamu zimefika," alisema.