Kinundu kwenye Alama ya Kongoni

Enzi ambazo wanyama walikuwa bado wanatembeleana, nyika moja ilikuwa na kichuguu cha heshima. Aliyetenda jambo kubwa alitandaziwa hapo udongo mbichi, akaukanyaga na kuacha alama ya mguu wake.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kongoni mwenye maringo, aliyeushinda moto mbio akawaamsha wote wakakimbilia mtoni. Akakanyaga, akainua mguu, akanuna. Katikati ya alama kulikuwa na kinundu.

"Yangeyange, ndugu yangu, hebu kidonoe hicho kitoke. Kinaniharibia sifa."

Yangeyange, ndege mweupe aliyezoea kufuatana naye, akainama, akacheka. "Hiki nakijua. Kwato yako ina tundu pale nilipokutoa mwiba, asubuhi ile ile ya moto."

Kongoni akaitazama kwato yake. Alikumbuka alivyokuwa akichechemea, na alivyotimua mbio bila hata kusema ahsante.

"Basi kiache," akasema taratibu. "Na wewe kanyaga hapa, kando yangu."

"Mimi? Mbona sikukimbia?"

"Bila wewe hata mimi nisingekimbia. Kanyaga, ndugu yangu. Na ahsante."

Tangu hapo, mnyama akiitwa kichuguuni, wenzake humwuliza kwanza, "Umekuja na nani?"