Mvungu wa Kitanda

"Toboa ingine," Nakato alisema.

Benoît akatoboa tundu la tisa kwenye ubao. Kabla hajapuliza unga wa mbao, mwanamke yule alikuwa ameshapiga magoti, amebandika pua kwenye matundu, anavuta pumzi kwa nguvu.

"Bado. Ongeza mbili."

Benoît alikuwa seremala aliyekimbia vita kutoka kijiji kimoja karibu na Beni, Kongo. Sasa karakana yake ilikuwa Bwera, upande wa Uganda, kando ya barabara ya kwenda Kasese. Alikuwa ametengeneza vitanda, milango, mabenchi ya kanisa, majeneza. Nyumba ndani ya gari hakuwahi. Nakato alimletea basi dogo kuukuu lililong'olewa viti vyote, akasema atalikodisha kwa watalii wanaokwenda mbugani, walale humo na wapike humo. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kufanya kazi mbili. Mlango wa kabati ukishushwa ulikuwa meza. Ngazi ilikuwa droo. Kitanda kilikunjwa mchana kikawa benchi, na chini yake kulikuwa na mvungu mrefu uliozibwa kwa mbao pande zote.

Mvungu huo ndio uliomkosesha raha.

"Mama, blanketi haina pua," alisema.

"Blanketi ikikosa hewa inanuka. Toboa tu, fundi."

Aligeuka kutazama barabara. Ndivyo alivyokuwa kila siku: hakai, hasimami, vidole vinachezea ncha ya kitenge. Pikipiki ikipunguza mwendo, ananyamaza. Mumewe, koplo Omara, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka wiki mbili zilizopita, na waliishi kambi ya jeshi na binti yao wa miaka mitatu.

"Bwana yangu halali siku hizi," alisema ghafla, bila kuulizwa. "Anazunguka nyumba mpaka asubuhi. Mimi na mtoto tunaogopa."

"Anakupiga?"

Nakato alifungua mdomo ajibu. Nje pikipiki ikasimama. Akachungulia, akajitanda kitenge, akaelekea mlango wa nyuma.

"Gari iwe tayari Ijumaa," alinong'ona. "Ijumaa, fundi. Si Jumamosi."

Benoît alibaki ameshika tepu yake ya kupimia. Mvungu ulikuwa na urefu wa sentimita mia na themanini, kama Nakato alivyoagiza, na Nakato mwenyewe alimfika begani tu. Lakini mwanamke mfupi na mtoto wa miaka mitatu, wakilala miguu kwa miguu, wangeenea sawasawa.

Alikaa kwenye ngazi ya gari. Kule kwao aliwahi kulala chini ya kitanda na mama yake mzee, amemziba mdomo kwa kiganja ili asikohoe, huku watu wenye bunduki wakitembea chumbani. Alijua mtu huwa anatafuta nini mahali kama pale. Anatafuta hewa.

Jioni ile alipiga msasa ndani ya mvungu hadi mbao zikawa laini kama shavu, mtoto asichomwe na kibanzi. Akatandika sponji nyembamba. Hakumwambia mtu, hata mkewe Esperance.

Alhamisi asubuhi koplo Omara akaja, peke yake, amevaa sare.

"Fundi! Kuja hapa."

Alikuwa mrefu, mwenye macho mekundu. Aliingia garini ameinamisha kichwa, akafungua kabati, akavuta droo, akainua kitanda. Akaingiza kidole katika tundu moja baada ya jingine.

"Hii ni ya nini?"

"Iko ya hewa, afande. Blanketi isinuke."

"Nani alikuambia utoboe?"

"Hakuna mutu. Ni akili yangu."

"Usinichezee! Bibi yangu anakuja hapa kila siku. Anataka kuficha nini?"

"Blanketi, afande."

Omara akamsogelea hadi Benoît akahisi pumzi yake usoni. "Jumamosi kikosi inavuka tena. Kabla ya hiyo nataka ukweli. Wewe ni mkimbizi. Nikisema neno moja tu, unarudishwa kwenu. Unajua?"

Benoît alijua. Alimfikiria Esperance, na watoto waliokuwa wameanza kuzoea kulala bila viatu miguuni. Angeweza kusema jina moja tu, na askari yule angetoka.

"Sema neno yako, afande," alijibu. "Mimi nilitengeneza mahali ya blanketi. Mama hajui kitu."

Omara akachungulia barabarani, huku na huku, akavuta mlango wa gari mpaka ukajifunga. Benoît akarudi nyuma, mgongo ukagonga kabati, meza ikaanguka wazi katikati yao.

Askari aliketi sakafuni. Akaanza kufungua kamba za viatu vyake, zikamshinda, akavivua kwa nguvu.

"Wenzangu wakija kukuuliza," alisema, "sema hivyo hivyo."

Akajilaza mvunguni, akajivutia kitanda juu yake.

"Fundi," sauti ikatoka chini, "ongeza sentimita mbili kwa miguu."