Lango la Kihamba

Kwenye kihamba cha wakwe zake Manka, shamba la ukoo la migomba na mibuni, hakikutupwa kitu. Maganda ya kahawa yalitoa gesi ya kupikia ndizi, na makapi yake yalirudi kwenye mibuni. Kilichoruhusiwa kutoka ni kahawa peke yake. Chochote kingine kilicholishwa na udongo ule kilikuwa mali ya udongo, hata mtu, na lango lilikitambua na kukizuia.

Manka alikuwa hajatoka tangu mwaka wa pili wa ndoa. Mama yake mzazi alipoanza kuumwa, Manka akaacha kugusa chakula cha pale ili lango limruhusu kwenda kwao. Msimu mzima alikula ugali wa unga aliopenyezewa na kaka yake langoni, huku harufu ya ndizi za wenzake ikimtesa.

Asubuhi ya mazishi ya mama yake alimbeba mwanawe mgongoni, akasimama langoni.

“Manka, pita,” lango likasema. “Mtoto abaki.”

“Huyu ananyonya tu. Na maziwa yangu si ya hapa.”

Mama mkwe wake alikuwa amesimama nyuma yake, akijifuta mikono kwa khanga.

“Ulipokuwa unaosha kahawa alikuwa analia,” alisema taratibu. “Nikawa nampa mtori wa ndizi zetu, kidogo kidogo. Ulitaka nimwache na njaa, mwanangu?”

Manka akamshusha mtoto, akamnusa mdomo. Ulinukia ndizi.

“Nenda kamzike mama yako. Huyu niachie mimi.”

Bibi akanyoosha mikono. Mtoto akacheka, naye akanyoosha yake.